Mlango wa Pembeni

Garaji yangu ya Jabe ina sheria moja, na kila mwenye gari la zamani Bujumbura anaijua: gari linatoka kwangu kama lilivyotoka kiwandani, au halitoki. Anayetaka rimu pana, taa za rangi chini ya tumbo na injini ya gari lingine, aende kwa wengine, wamejaa tele mjini. Mwaka juzi tajiri mmoja wa Mutanga Nord aliniletea gari la Kifaransa ambalo usukani wake wa asili ulikuwa bado unang'aa, akaniambia nikate paa ili liwe la wazi. Nilimwuliza kama angekubali nimkate yeye kichwa apate hewa. Aliondoka amenuna, na mafundi wenzangu wakanicheka wiki nzima. Kichwa ngumu, ndivyo wanavyoniita, na sikatai.

Basi fikiria nilivyojisikia siku kaka yangu alipokuja kutoka Kigobe na karatasi iliyoviringishwa kwapani, akasema anataka kuitengeneza nyumba ya mama.

Kaka ni mfanyabiashara. Nyumba yake ya Kigobe ina nguzo nne mlangoni ambazo hazibebi kitu, na vioo ambavyo ukitaka kuchungulia ndani unajiona mwenyewe. Neno lake ni hilo moja: kutengeneza. Mimi pia neno langu ni hilo hilo. Mimi nikisema kutengeneza, nina maana kitu kirudi kilivyokuwa. Yeye akisema kutengeneza, ana maana kisirudi tena kilivyokuwa. Tumegombana kwa neno hilo tangu ujana wetu, na kila mmoja anaona mwenzake hajui Kiswahili.

Nyumba yenyewe ndimo tulimozaliwa, hapa hapa Jabe, nyuma ya duka alilotuachia baba, na mimi na mke wangu bado tunaishi humo na mama. Ilikuwa inahitaji kazi, hilo sikulibisha. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimepasua ukuta wa nyuma na mabati yalikuwa yanavuja mpaka tulikuwa tunalala na ndoo. Lakini kaka alitaka karo nyeupe sakafuni, vigae vile vinavyoteleza kama sabuni, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, dari mpya, plafo ya jipsamu yenye taa za bluu, na ukuta wa sebule ubomolewe ili sebule na jiko viwe kitu kimoja. Alinikunjulia ramani yake mezani. Sikuitazama. Niliiviringisha, nikamrudishia.

Niliyekuwa namfikiria ni mama. Mama yetu haoni. Macho yalimwisha pole pole kwa ugonjwa wa presha ya macho, likaanza moja, likafuata la pili, na sasa ni miaka mingi anaishi gizani. Lakini ndani ya nyumba ile ungeapa kwamba anaona. Alikuwa anaamka alfajiri peke yake, anaweka kiganja ukutani, anatoka chumbani, anapita sebuleni, anatoka uani, anafika kwenye bomba, anatawadha, anarudi kuswali. Hakuna aliyemshika mkono. Mke wangu alijaribu mara moja, zamani, mama akamwambia kwa upole kwamba siku ya kushikwa itafika, asiiharakishe. Kwa mama, ile safari ya kwenda kwenye maji peke yake ndiyo ilikuwa tofauti ya kuwa mtu mzima na kuwa mzigo.

Kwa hiyo nilimwambia kaka maneno makali. Nilimwambia mama atateleza kwenye karo zake avunjike nyonga. Nilimwambia ukiubomoa ule ukuta wa sebule umemng'oa macho mara ya pili. Nilimwambia nyumba ya mama si gari la kubandikwa mapambo. Uso wa kaka ukawa wa mtu aliyeona aibu kweli. Kisha akasema, "Haya. Fanya we. Pesa nitatoa, lakini fanya we."

Nilishinda. Wallahi nilivimba kichwa, nikarudi garajini napiga mluzi.

Mama tukamhamishia Kigobe kwa muda wa kazi, naye aliteseka kule. Si kwamba walimtendea vibaya. Walimtendea vizuri kupita kiasi. Mtumishi alikuwa anamshika kiwiko kila akiinuka, wajukuu wanakimbia kumwekea viatu, anakalishwa kwenye kochi la ngozi kama mgeni wa harusi. Nikimtembelea alikuwa ananiuliza jambo moja tu, mabati yamefika wapi. Siku moja alinivuta sikio karibu akaninong'oneza kwamba wiki nzima hajatawadha bila mtu kumsimamia, na kwamba amechoka kusema ahsante. Nikamwahidi nitamrudisha kwake, na kwamba atakuta kila kitu kama alivyokizoea.

Hiyo ndiyo ahadi niliyompa. Sasa sikiliza nilichofanya.

Kazi ya kutafuta vitu vya zamani Bujumbura ni kazi ya kumtoa mtu roho. Nilitaka chokaa, wananiuzia rangi ya plastiki. Nilitaka bawaba za shaba za madirisha ya mbao, muuza vyuma ananionyesha za Kichina na kuniuliza za shaba za nini, nyumba ni ya makumbusho? Seremala wa kwanza alinitengenezea madirisha yenye mbao zinazoangalia ndani badala ya nje, mvua ikaingia moja kwa moja kitandani. Nilipomlalamikia akasema, si ungeweka aluminiamu tu, mzee. Kila mtu alikuwa ananiambia aluminiamu. Hata imamu, baada ya swala, aliniuliza kwa huruma kama tatizo ni fedha. Nilikuwa narudi nyumbani kila jioni na kichwa kinagonga, najiambia kwamba mji mzima umechanganyikiwa na mimi tu ndiye nimebaki na akili.

Katikati ya vita hivyo, shangazi, dada yake baba, akanitolea picha. Picha ndogo, kingo zake zimekatwa kwa meno meno, babu amesimama uani na nyumba mpya kabisa nyuma yake. Mabibi na mabwana, nilichanganyikiwa kwa furaha. Ile ilikuwa nyumba siku ya kwanza! Na pale katikati ya ukuta wa nyuma, palikuwa na mlango mpana wa mbao mbili, wa kutokea uani. Ule mlango wa utotoni nilikuwa nimeshausahau. Mlango tulioutumia miaka yote hii ulikuwa pembeni kabisa, karibu na chumba cha mama, mlango mwembamba, umepinda kidogo, fremu yake ya mbao za kreti. Siku zote nilidhani ni ulipuaji wa baba. Baba alikuwa muuza duka, si fundi, na mikono yake ilijulikana. Alikuwa akipigilia msumari mmoja anapinda mitatu.

Tulipobandua lipu katikati ya ukuta, kizingiti cha asili kilikuwa bado mle ndani, kimezibwa kwa tofali. Nilikigusa kwa mikono miwili. Nikamwambia mwashi azibue hapo, na ule wa pembeni auzibe.

Mwashi, mtu wa makamo, mpole, aliuacha mwiko wake ndani ya karai. Akaniuliza, akiniita bosi kwa Kifaransa cha mjini, "Patro, huu wa pembeni si ndio mama anapitiaka?"

Nikamjibu kwamba mama ni mwenye nyumba, ataupenda mlango wa kweli. Nikamwambia ule wa pembeni ni kiraka, na mimi viraka nimevitoa maishani mwangu vya kutosha. Yeye akainua mabega, akaanza kazi. Nikamwambia pia alipare lile tuta la simenti lililokuwa limetambaa chini ya ukuta wa ua kutoka pembeni mpaka kwenye bomba. Lilikuwa limefinyangwa ovyo, baya kulitazama, na kwenye picha halikuwepo.

Tulimrudisha mama siku moja baada ya adhuhuri. Kaka aliendesha gari, mimi nilikaa nyuma na mama, moyo unanidunda kama wa bwana harusi. Alishuka mwenyewe. Akaweka kiganja kwenye ukuta wa barazani, akatabasamu, akasema si baridi kama kuta za Kigobe, ni ukuta wenyewe. Akapita sebuleni anagusa madirisha, anasikiliza bawaba. Kila alichogusa alikitaja jina. Nilimtazama kaka kwa jicho la kumwambia umeona? Kaka alikuwa amesimama na mfuko wa nguo za mama mkononi, akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa gari lolote.

Adhana ya alasiri ikaita. Mama akasema anakwenda kutawadha, tumngoje.

Alianza kutoka chumbani kwake, kama kawaida, kiganja ukutani. Alifika pembeni. Kiganja kikaendelea kwenye ukuta. Alisimama. Akapapasa juu, akapapasa chini, akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kuugusa, akanusa lipu mbichi. Kisha akageuka, akarudi mpaka kwenye mlango wa chumba chake, akaanza upya, taratibu zaidi, akihesabu kwa sauti ndogo. Alidhani amekosea yeye. Akafika tena ukutani.

"Mulango yangu iko wapi?" aliuliza.

Nilimkimbilia nikaanza kumweleza, maneno yanakanyagana. Picha, babu, mlango mpana wa katikati, kizingiti cha asili. Nilimwambia baba aliuziba ule mlango mzuri akafungua huu wa ovyo, na mimi nimerekebisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Baba yenu alikuwa anajua kama ni mubaya," alisema. "Macho yangu ilikuwa inaanza kupotea. Ku mulango ya katikati nilikuwa natoka uani sina pa kushika mpaka ku maji. Akaihamisha na mikono yake. Akaniambia, sitaki mukono yako iachane na ukuta."

Mwaka huo mimi nilikuwa Uvira najifunza ufundi. Niliporudi nilikuta mlango umehama, nikaicheka fremu yake, na baba hakuniambia sababu. Tuta la simenti nalo alilifinyanga yeye, ili mguu wa mama uwe na cha kufuata. Nilimgeukia kaka. Alikuwa anaangalia chini.

"Mi ndio nilikuwa namuchanganyia simenti," alisema. "Nilidhani unajua."

Baadaye niliiomba ile ramani yake, nikaikunjua peke yangu. Karo zilikuwepo, taa za bluu zilikuwepo, upuuzi wote ulikuwepo. Na mlango wa pembeni ulikuwa palepale. Na pembeni ya ukuta wa ua alikuwa ameandika kwa kalamu, usiguswe.

Kesho yake sikwenda garajini. Nilichukua nyundo mimi mwenyewe nikauzibua ukuta. Nilidhani kosa linarekebishika, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini mimi, ambaye sifungui boliti ya gari bila kuipiga picha, ambaye naandika kila waya ulikuwa umelala upande gani, ule mlango sikuupima hata kwa shubiri. Ulikuwa na upana gani? Kizingiti chake kiliinuka kiasi gani? Ulikuwa umepinda kuelekea wapi, na lile tuta lilianzia hatua ya ngapi? Mbao za fremu mwashi alizipikia chai. Nilimwuliza mke wangu, nikamwuliza kaka, kila mmoja ananionyesha kwa mikono, na mikono haifanani. Nilijenga, nikabomoa, nikajenga. Mara tatu. Mama alikuwa anakuja anapima kwa kiganja chake na kusema ni karibu sana, mwanangu, imekaribia. Kisha mguu wake ukakosa kizingiti, akaanguka kwa magoti. Haikuwa ajali kubwa. Alichubuka tu. Lakini tangu siku ile, akifika pembeni anasimama, havuki.

Kaka hajanilaumu hata mara moja. Anakuja Ijumaa, anakaa na mama barazani, anasifia madirisha. Natamani angenitukana nipate cha kumjibu.

Garajini bado narudisha magari yalivyokuwa. Mteja akiniletea gari lenye kiraka, siku hizi namwuliza kwanza ni nani aliyekiweka na kwa nini. Wengi hawajui, na wananiona nimezeeka.

Alfajiri mama ananiita kwa jina langu la utotoni. Naamka, nakwenda chumbani kwake, namkuta ameshakaa ukingoni mwa kitanda na kanga yake begani, ananisubiri. Na kila siku, kabla hajaweka mkono wake kwenye mkono wangu, ananiomba samahani kwa kunisumbua.