Mbuzi Aliyemshinda Borghild

Niseme mapema nisije nikaulizwa: mtu pekee aliyewahi kumshinda Borghild katika mchezo wa mbuzi nilimvisha mimi. Ngozi ya kondoo ilikuwa yangu, kinyago nilikishona mimi, na wazo lote lilitoka kichwani mwangu, si kwa mume wangu Sverre kama anavyojigamba kule dukani. Mengine yaliyotokea siku ile nitayasema pia, hata yale yasiyonipendeza, lakini hilo la kwanza likae mahali pake.

Borghild alikuwa mpeleka barua wa bonde letu kwa miaka thelathini na mmoja. Wakati wa joto alikwenda kwa baiskeli. Wakati wa baridi alikwenda kwa kigari cha kuteleza, mguu mmoja juu ya chuma, mwingine ukisukuma theluji, mkoba mbele kwenye kiti. Huku kwetu baridi ikishika, uso wa mtu ni kofia, skafu na pua nyekundu tu, kwa hiyo Borghild alijifunza kuwajua watu kwa miguu yao. Alikuwa akisema, "Mimi sihitaji sura ya mtu. Sura hudanganya. Mwendo haudanganyi." Hakuolewa. Alikaa na mama yake katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu, hadi mama alipofariki, na baada ya hapo akakaa peke yake. Mrefu, mkavu kama ufito, na ulimi wake usiombe ukuangukie.

Lakini Krismasi ikikaribia, Borghild huyu aligeuka mtoto. Nyota ya karatasi ilining'inia dirishani kwake kabla ya nyumba nyingine yoyote. Alioka biskuti aina saba, si sita wala nane, na aliziweka katika makopo saba, na ole wako uchanganye vifuniko. Asubuhi ya mkesha alifunga mganda wa shayiri juu ya mti kwa ajili ya ndege, kisha akasimama dirishani na saa mkononi. Simu yangu ililia kabla sijanywa kahawa.

"Jorunn! Wamefika! Dakika nne tu! Wa kwako je?"

"Wangu bado wamelala, Borghild. Wana adabu."

"Wana njaa ila hawaupendi mganda wako," akasema, akakata simu huku akicheka.

Sasa mchezo wenyewe. Kuanzia siku ya pili ya Krismasi hadi mwaka mpya, watu wazima wenye akili zao hugeuza makoti ya ngozi ndani nje, huvaa pembe, vinyago vya magome ya mti na sketi za bibi zao, wakaenda nyumba hadi nyumba. Hao ndio mbuzi wa Krismasi. Mbuzi hasemi kwa sauti yake. Husema huku akivuta pumzi ndani badala ya kuitoa, na hapo hata mumeo unaweza usimtambue. Mwenye nyumba anamzunguka, anamwuliza maswali, anakisia. Ukitambuliwa unavua kinyago, unapewa biskuti na bia ya Krismasi palepale mlangoni, kisha unakwenda zako nyumba inayofuata. Usipotambuliwa, unavua mwenyewe na kujitaja jina, na mwenye nyumba hana budi kukuketisha mezani ule hadi ushibe. Ndiyo sheria ya bonde letu, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Kwa Borghild hakuna mbuzi aliyewahi kuketi. Mwaka mmoja nilitia kijiwe kiatuni ili nichechemee. Nilikuwa bado kwenye ngazi, akapaza sauti: "Jorunn, toa hicho kijiwe, utajiumiza bure." Mwaka mwingine Sverre na mwalimu wa shule walivaa koti moja, mmoja juu ya mabega ya mwenzake. Akamsalimu wa juu kwa jina, akainama, akamsalimu wa chini. Hata mchungaji wa kanisa alikuja amevaa kama ng'ombe, akarudishwa na biskuti zake mbili. Mimi roho iliniuma. Kila mwaka nilirudi nyumbani nikiapa kwamba nitampata. Sverre alikuwa akiniambia, "Mke wangu, huu si mchezo tena, huu ni ugonjwa." Labda.

Kulikuwa na jina moja tu ambalo Borghild hakulitaja: la mdogo wake, Halvard. Huyo aliondoka kijana kwenda kuchimba makaa ya mawe kwenye visiwa vya kaskazini kabisa, akawa anarudi Krismasi hii, anakosa ile. Miaka tisa kabla ya siku ninayoisimulia, aliandika kwamba safari hii anakuja bila shaka. Mama yao alikuwa mgonjwa. Akaamuru bakuli la Halvard liwekwe mezani, lile lenye mstari wa buluu alilotumia kula uji tangu utotoni, akakaa dirishani akitazama barabara. Halvard hakuja. Mama akafa siku ya tatu ya Krismasi, bakuli likiwa bado mezani. Baada ya mazishi Borghild alilipandisha juu kabisa kabatini, akasema mbele yetu sote, "Jina lake mdomo wangu hautalitaja tena." Na Borghild akisema amesema. Siku moja nilitaka kulishusha bakuli lile ili nilifute vumbi, akanipiga kofi mkononi. Mimi! Jirani yake wa miaka ishirini!

Basi mwaka ninaousimulia, siku ya tatu ya Krismasi, basi la mchana likasimama kwetu, akashuka mwanamume mwenye mvi na begi dogo. Hakwenda nyumba ya mwisho. Akabisha kwangu.

"Jorunn," akasema, "unanikumbuka?"

Nilimkumbuka. Nikamvuta ndani kabla majirani hawajamwona. Akaketi jikoni, kofia mapajani, kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

"Nimestaafu," akasema. "Nimekuja kumwomba radhi dada. Nimefika hadi kwenye geti lako, miguu ikakataa."

"Na kilichokuzuia mwaka ule ni nini? Dhoruba?"

"Ningependa kusema dhoruba." Akanitazama usoni. "Tuliagana na wenzangu, tukanywa. Ndege iliondoka nimelala. Iliyofuata ilikuwa baada ya wiki mbili."

Sverre akakohoa, akaongeza kuni motoni ingawa jiko lilikuwa limejaa.

"Ukienda kubisha pale," nikamwambia, "atafunga mlango kabla hujasema neno."

"Najua. Basi lipo Ijumaa. Akinifukuza nitapanda, na sitamsumbua tena. Nina miaka sitini na miwili, Jorunn. Sina nguvu ya kufukuzwa mara mbili."

Hapo ndipo wazo likanijia, na sitaki kujifanya mtakatifu: nililipenda kwa sababu mbili. Moja ilikuwa ya huruma. Ya pili ni kwamba hapa jikoni kwangu alikuwa ameketi mtu ambaye Borghild hajauona mwendo wake kwa zaidi ya miaka kumi. Mbuzi kamili!

"Asipokutambua," nikasema, "ni lazima akuketishe. Hata yeye hawezi kuivunja sheria."

"Na akinitambua?"

"Atakuwa hana budi kukutaja jina, na ameapa hatalitaja. Kwa hiyo ama avunje kiapo, ama ashindwe."

"Ama anitupe nje."

"Ama akutupe nje," nikakubali.

Siku ya nne, tangu asubuhi, nyumba yangu haikukalika. Niligeuza koti la ngozi ya kondoo, nikamfunga mto tumboni, nikamvika sketi nyeusi ya mama mkwe na kinyago cha gome chenye ndevu za shayiri. Nikamfundisha kutembea upya: hatua fupi, magoti yamekunjwa, mkono mmoja kiunoni. Alizunguka jikoni mara hamsini. Sverre alicheka hadi akakaa chini.

"Sema kwa kuvuta pumzi," nikamwamuru.

"Habari za Krismasi, mama mwenye nyumba," akasema, sauti ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Tukashangilia.

Saa kumi alasiri, giza lilikwisha shuka na theluji ilikuwa inaanguka mapande mapande, tukatoka watatu, mimi na Sverre tumevaa pembe. Njiani watu walituona kuwa tumeongezeka, wakanusa jambo. Tulipofika nyumba ya mwisho tulikuwa na mkia wa watu kumi na zaidi, wanacheka na kusukumana. Halvard alinishika mkono kwa nguvu hadi glavu ikanibana.

"Jorunn, nirudi?"

"Urudi na sketi ya mama mkwe wangu? Twende!"

Borghild akafungua mlango kabla hatujabisha. Harufu ya uji wa maziwa na mdalasini ikatupiga usoni, nikajisahau, tukakung'uta viatu sote kwenye ngazi kama kila mtu anavyokung'uta, tukaingia.

"Jorunn, karibu. Sverre, hizo pembe umezivaa kinyume," akasema bila hata kutuzunguka. Watu wakaangua kicheko, nasi tukarudi nyuma hadi mlangoni kumngoja mwenzetu. Kisha macho yake yakamfikia wa tatu.

Alimzunguka mara moja. Akamzunguka mara ya pili, polepole.

"Mbuzi huyu anatoka wapi?"

"Mbali, mama mwenye nyumba," Halvard akavuta pumzi.

"Njiani kuna baridi?"

"Baridi sana."

"Na mbona amechelewa hivyo? Krismasi ni siku ya nne leo."

Ndevu za shayiri zilitetemeka. Niliona mikono ya Borghild, mikono ile isiyotulia, imeshika aproni na haitikisiki hata kidole. Nikasema moyoni, ameshamjua, sasa anamtupa nje mbele ya bonde zima, na mimi ndiye niliyemleta.

"Simjui," akasema Borghild.

Hakuna aliyeelewa.

"Nimesema simjui. Nimeshindwa. Mbuzi avue mwenyewe na ajitaje, ndiyo sheria."

Kelele zilizopigwa zingeangusha theluji ya paa! Mwalimu alimkumbatia mchungaji. Sverre alirusha pembe. Mimi niliruka, niliruka kweli na miaka yangu hamsini, nikipiga kelele, "Nimempata! Nimempata Borghild!" Kisha Halvard akavua kinyago.

"Mimi ni Halvard," akasema kwa sauti yake. "Mdogo wako, dada. Sikuchelewa kwa dhoruba. Nilichelewa kwa upuuzi wangu."

Borghild akavuta kiti hadi kabatini, akapanda, akashusha bakuli lenye mstari wa buluu. Akalipuliza vumbi, akalifuta kwa aproni, akaliweka mezani, mbele ya kiti kilichotazama barabara. Akachota uji, akatia siagi katikati.

"Dada, mimi..."

"Mbuzi aliyeshinda anakula," akasema. "Maneno baadaye."

Halvard akala. Machozi yalimtiririka akala hivyohivyo, na watu wakajifanya wanatafuta glavu zao, wakatoka mmoja mmoja.

Nikamfuata Borghild jikoni. Naungama kwamba bado nilikuwa na kiherehere cha ushindi.

"Miaka yote hiyo, shoga yangu! Leo nimekuweza. Ile hatua fupi nilimfundisha mimi."

"Nimeiona. Mbaya sana," akasema, akisugua sufuria. "Ungemfundisha pia kukung'uta viatu. Mara tatu mguu wa kushoto, mara moja wa kulia. Baba alikuwa akifanya hivyo, na yeye, na hakuna mwingine bonde zima. Nimemjua mkiwa bado kwenye ngazi."

Nilihisi ushindi wangu unanitoka wote.

"Sasa mbona umesema umeshindwa? Ni kile kiapo?"

"Kiapo!" Akageuka, macho yakiwa mekundu. "Jorunn, wewe unaishi huku miaka yote hii na sheria huijui? Aliyetambuliwa anapewa biskuti mlangoni, anakwenda zake. Ningemtaja, angekwenda zake."

Nikakaa kwenye boksi la kuni, nikalia. Nililia kwa furaha, na kidogo, Mungu anisamehe, kwa ajili ya ushindi wangu. Ndiyo maana ninasema hadi leo kwamba alishindwa. Alitamka mwenyewe mbele ya mashahidi, na dukani sitasikiliza la mtu.

Borghild alifuta mikono, akainua sufuria ya uji iliyobaki, akasukuma mlango wa sebuleni kwa kiwiko.

"Halvard!" akaita, kwa sauti ileile ya kuita watu waje wachukue barua zao. "Lete bakuli, kuna uji mwingine."