Kila Mtu na Kula Yake

Asifiwe Mungu aliyenipa miaka mingi, na masikio ambayo bado yanasikia. Haya ninayoyasimulia ni Yeye aliyenitunzia.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Koku aliweka mezani risiva kuukuu ya hom thieta, ile ya kuunganishwa na televisheni na spika nyingi. Upande wa picha ulikufa siku nyingi. Akaikwepa sehemu iliyokufa, akachomeka waya wa miksa ya maikrofoni moja kwa moja kwenye amplifaya iliyo ndani, ili kwaya ya akina mama ipate sauti. Ilipopata moto ikatoa harufu ya vumbi linaloungua, nami nikajikuta kijijini kwetu Nyakatuntu, mtoto wa miaka tisa.

Baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu. Mwaka ule aliugua koo, akapona, lakini sauti haikurudi. Mahubiri yake yakawa kama majani makavu ya mgomba yanaposuguana. Waliokaa benchi la tatu waliambulia kuona midomo tu. Wazee wa kanisa wakaanza kusema atafutwe mwingine. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya usharika, na migomba tuliyoitegemea ilikuwa ya usharika pia. Mvua zilipoanza, mama hakupanda maharage. Hakujua nani angeyavuna.

Baba akapeleka kwa fundi mjini Murongo gramafoni yake yenye redio, iliyokuwa bubu. Fundi Saidi, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, aliifungua, akainusa kama mtu anayenusa maziwa.

"Kichwa kimekufa, Mwalimu," alisema, "lakini kifua kizima. Mwenye kifua hazikwi."

Akakata waya wa sindano ya santuri, mahali pake akaunga maikrofoni, akaongeza spika ya tarumbeta na betri ya lori. Jumapili ile sauti ya baba ilifika hadi kisimani. Ilikuwa bado inakwaruza, lakini ilifika.

Wazee hawakuridhika. Mtumishi hahubiri kwa betri, walisema. Wakaamua waumini wapige kura, abaki au aondoke, na wakamwachia baba mwenyewe kutangaza. Nasi Wanyambo, kama mjuavyo, l na r hutuponyoka. Baba akashika maikrofoni:

"Jumapili ijayo, kila mtu aje na kula yake."

Tarumbeta ikalirusha neno lile bondeni, nalo likarudi. Mzee Bitegeko, kiongozi wa wazee, akafumba macho. Mimi nikajificha nyuma ya kitenge cha mama.

Jumapili iliyofuata watu walikuja na ndizi zilizopikwa, zikifuka moshi ndani ya majani, na maharage, na viazi, na vikapu vya senene, wale panzi wa kukaanga. Mzee Bitegeko alisimama mlangoni na vikaratasi vyake.

"Mama Nyakato, hiki ni nini?" alimuuliza jirani yetu.

"Kula, mzee. Si ilitangazwa? Yangu ina maharage."

"Ilikuwa kura."

"Ndiyo, kula. Yako iko wapi? Au umekuja mikono mitupu?"

Mabenchi ya akina mama yakatikisika kwa kicheko. Tulikula mpaka jua likainama, na vikaratasi vikafungiwa senene wa watoto. Habari ya kumwondoa baba haikuzungumzwa tena. Wiki ile mama alishika jembe.

Kwa miaka mingi nilimwonea baba aibu. Nilidhani ulimi wake ulikosea, na Mungu kwa huruma akaligeuza kosa kuwa neema. Nilikuwa mtu mzima, nikimuuguza Mama Nyakato, nilipomwambia hivyo. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto.

"Mwanangu, sisi tumezaliwa tukisema hivyo. Unadhani kuna hata mmoja ambaye hakumwelewa?"

Wewe unayesoma, Bwana akulinde, na siku utakapohitaji, akupe majirani wanaojua kukosea kusikia kwa ajili yako.