Sweta ya Waziri

Juzi mwenzangu ofisini alifungua chupa ya marashi ya ndimu, na mara nikajikuta nimerudi sebuleni kwa jirani yetu wa zamani mjini Hail, Uarabuni, Mturuki aliyekuwa akisomesha uchumi chuoni. Siku ile alikuwa ameitwa kwao akawe waziri. Mkewe alituzungukia akitumiminia marashi viganjani, kama ilivyo desturi yao, na kila mtu akapongeza isipokuwa bibi yangu. Babu naye aliwahi kuwa waziri, Unguja.

Bibi, ambaye macho yalishamfifia, alimpapasa yule bwana mikono, akamwekea sweta nzito ya sufu.

"Mwambie alale nayo," alimwambia mama kwa Kiswahili. "Wakija kumchukua hawatomngoja avae. Baba yako walimchukua akiwa na fulana tu."

Mama akamgeukia jirani, akasema kwa Kiarabu, "Anakupa hongera."

Mwaka wa pili tulimwona kwenye televisheni, askari wakimtia garini, theluji ikimwangukia. Alikuwa na shati la kulalia tu.

Bibi alisikia jina lake likitajwa. "Kavaa sweta?" akauliza.

"Kavaa," mama akajibu.