Darla Kucera Achagua Chuo Kidogo

Katika mji wetu mdogo jimboni Nebraska, Marekani, Verlin Kucera alibandika jikoni barua kumi na nne ambazo vyuo vikubwa vilimwandikia bintiye Darla, mchezaji wa mpira wa wavu wa sekondari, vikimtaka akavichezee. Kila mgeni alisomewa zote kabla ya kupewa kahawa.

Siku moja akaja kocha wa chuo cha wanafunzi mia tisa. Alikuwa amemtazama Darla akicheza mara tano, na swali lake la kwanza lilikuwa kama goti la Darla lililoumia limepona.

Alipoondoka, Verlin akaguna. "Watu mia tisa! Hicho ni chuo au harusi?"

"Baba, hao wakubwa hata hawanijui. Barua hii hapa imeniita Bwana Darrell."

"Haraka tu hiyo, mwanangu. Wana mambo mengi."

"Basi wasijisumbue. Mimi nataka kucheza, sio kukaa benchi nalinda chupa za maji."

Darla akaenda chuo kidogo. Mechi ya kwanza ilikuwa na watazamaji arobaini, na Verlin akamzomea mwamuzi mpaka mwamuzi akageuka kumtazama. Alirudi mjini kifua mbele.

"Vyuo vikubwa havifai kabisa," akatutangazia. "Kule ukipiga kelele, nani atakusikia?"