Saa Mbili na Nusu Hadi Porto

Kwa miaka arobaini Belmiro alirudi kwao Ureno kwa treni. Kutoka Luxemburg, alikokuwa mwashi, safari ilimla siku mbili, ilhali wenzake walipanda ndege asubuhi na mchana wakawa mezani Porto. Walimtania kwamba anaogopa kufa.

Mwezi Machi mama yake, Idalina, mwenye miaka tisini na tatu, akaacha kula. Sandrina, binti yake Belmiro, akamletea tiketi ya ndege.

"Kwa treni hutamkuta, baba. Kwa ndege ni kama kilomita elfu moja na mia tano tu. Saa mbili na nusu."

"Najua ni saa ngapi," akasema.

Alijua pia kwamba baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi, upande wa kushoto, itatokea Hispania, na huko ndiko iliko barabara ya Burgos.

Agosti ya mwaka 1984 yeye na kaka yake Adérito walikuwa wakienda likizo kwa gari, kilomita elfu mbili kasoro. Adérito aliendesha Ufaransa nzima. Mpakani wakabadilishana. Saa nane mchana, jua likichoma kiooni, Belmiro akasinzia. Alipozinduka gari lilikuwa mtaroni, na Adérito, aliyekuwa amelala mdomo wazi, hakuamka tena. Wapita njia wakawatoa wote wawili. Polisi alipouliza nani alikuwa akiendesha, Belmiro akasema, "Yeye."

Kijijini wakamzika Adérito, kisha wakaanza kunong'ona kwamba alikuwa amelewa.

Ndani ya ndege, kijana aliyeketi kando yake alipitiwa na usingizi, mdomo wazi. Belmiro akageuza uso haraka dirishani. Huko chini nchi ilitandaa, ya kahawia, haina mtu. Mahali palipomla miaka arobaini pakapita kwa dakika chache, ndege haikutikisika hata kidogo. Kichwa cha yule kijana kikamwangukia begani, kizito. Belmiro hakukisukuma. Alikaa vile vile mpaka magurudumu yakagusa ardhi.

Mama yake alimtambua kwa sauti.

"Safari hii umewahi."

"Nimepanda ndege, mama."

"Umepita juu ya pale?"

"Nimepita." Akaketi kando ya kitanda. "Mama, mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

"Najua. Si mimi niliyekuosha kifua, mwanangu? Alama ya usukani ilikuwa kwako."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa na wana wawili, akabaki mmoja. Walipomwita mwenzio mlevi, nikanyamaza. Na hilo nitaenda nalo mimi." Akafumba macho. "Wewe kawaambie."

Alifariki Alhamisi. Baada ya maziko Belmiro alisimama mbele ya kanisa, akawaambia. Wachache walimpa mkono. Wengi walivaa kofia zao wakaondoka. Lucília, mjane wa Adérito, aliyeishi miaka yote hiyo akiitwa mke wa mlevi, hakuondoka. Aliketi kwenye ngazi za kanisa.

"Anza mpakani," akamwambia. "Usiruke kitu."