Barakoa ya Nesi

Asubuhi ya mwisho kabla mke wangu hajaniacha, nesi aliingia kama siku zote, akasugua viganja vipate joto, akavaa glavu. Mke wangu alikuwa siku ya tisa hajitambui, mashine ikimpumulia kwa mpira uliopita kooni. Nesi alimsemesha hivyo hivyo. "Mama, mzee wako leo kachana nywele. Sijui anakwenda kwa nani." Nikacheka. Kisha akamwambia, "Samahani mama, nakusumbua kidogo," akaingiza mrija mwembamba wa kuvuta makohozi. Ukakoroma kama sinki linalomaliza maji. Mimi nilikuwa naitazama barakoa yake. Kila mrija ulipokuwa ndani, barakoa ilitulia tuli. Ukishatoka, ndipo inapotuna tena. Siku zote hizo nilidhani ni kinyaa, na iliniuma, maana mke wangu alikuwa mtu msafi. Siku hiyo nikashindwa kunyamaza. "Mwanangu, mbona unabana pumzi? Unamwonea kinyaa?" Akavua glavu kwanza, akamfuta mke wangu mdomo kwa pamba. "Hapana, baba. Mrija ukiwa ndani, mama hapati hewa. Nikianza kuzidiwa mimi, najua yeye kazidiwa zamani."