Nilimtafsiria Papa Clarisse Kiingereza Nisichokijua

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Nilidanganya kwamba najua Kiingereza, na uongo huo ukanifikisha pabaya. Cheka ukitaka, mwenzangu. Mimi mwenyewe hucheka, halafu roho inaniuma.

Wakati ule wa DVD nilikuwa nasafisha ofisi kule Etterbeek, Brussels, na nilikuwa namchumbia Clarisse. Baba yake, Papa Clarisse, alikuwa polisi Lubumbashi kabla ya kuja Brussels. Aliponiuliza kazi yangu, nikajibu kwamba kutwa nzima niko na Waingereza. Nilikuwa namwaga takataka zao!

Mzee alifurahi mno. Jumapili moja baada ya misa akatoa filamu ya polisi aliyoinunua Matonge, mtaa wetu Waafrika wa Brussels, Kiingereza kitupu, hakuna Kifaransa hata cha dawa. Clarisse alikuwa jikoni. Papa akanikalisha kando yake na kusema nimwelezee.

Ningekiri palepale, yangeisha. Lakini mimi na sifa! Nikaanza.

Polisi wawili, mzee na kijana, walikuwa wanamfukuza mwizi wa jibini. Miwani myeusi, bastola mkononi, muziki unanguruma, halafu wakasimama kwenye kivuko kungoja bibi mmoja avuke taratibu. Mwenye akili angecheka. Mimi nikasema bibi ni jasusi, na ndani ya jibini mna almasi. Polisi mzee alipoteleza akaanguka chali sokoni kati ya samaki, nikashusha sauti: anakufa, anamwomba mwenzake amtunzie watoto.

Papa Clarisse akalia, machozi mpaka kwenye kola. Akanisimulia habari za rafiki yake aliyepigwa risasi wakiwa doria pamoja, habari ambazo hata binti yake hakuwahi kuzisikia. Nikamshika mkono, mnafiki mimi! Dakika mbili baadaye marehemu akaonekana anakunywa chai. Nikasema ni pacha wake.

Baada ya wiki chache mdogo wake Papa akaja kutoka London. Papa akamwekea filamu ile iliyomliza. Mgeni alicheka mpaka akashika mbavu, akaeleza kwamba ni vichekesho, Waingereza wanawatania polisi wa sinema kwa sababu wanawapenda.

Papa aliniita. Hakupaza sauti.

"Ungesema tu: 'Papa, mi sijue Kingereza.' Tungecheka bote. Alors, nililia mbele yako juu ya nini?"



Tangu siku hiyo, kila nikifungua mdomo, Papa alimgeukia binti yake na kumwuliza ninasema nini. Kiswahili changu ni cha Lubumbashi kama chake! Clarisse alirudia maneno yangu yaleyale, mwanzoni akicheka. Miezi ikapita, kicheko kikamwisha.

Mwishowe nilikwenda na tonton, mjomba wangu, kuomba ndoa. Nikasema nampenda Clarisse na sitamdanganya kamwe. Papa akageuka.

"Clarisse, anasema nini?"

Clarisse akatazama mikono yake.

"Papa, mi pia sijue tena."

Ndugu zangu, kama hujui, sema hujui, hasa mbele ya mtu aliyekuamini. Utapata aibu ya dakika moja tu. Yangu ina mwaka wa saba sasa, na Clarisse ameolewa na mwingine, wanaishi Auderghem.